Dripu, Watoto wa Mbale, na Kitabu cha Madaktari Kilichoandikwa Upya Hapa Jirani

Wasee, kuna kitu tunafundishwa tangu shule ya msingi bila mtu yeyote kukitamka: kwamba historia ya dawa ni ya watu wengine. Mzungu aligundua, mzungu akaandika kitabu, sisi tukachomwa sindano. Kazi yetu kwenye hiyo hadithi ni kulala kitandani na kusema asante.

Leo nataka kubishana na hiyo hadithi, na sitaenda mbali kutafuta ushahidi. Ukiwa Angurai asubuhi isiyo na mawingu unauona Mlima Elgon vizuri. Upande wake wa magharibi kuna Mbale. Unavuka Malaba, unapita Tororo, unashika barabara ya kaskazini, umefika. Ukiendelea mbele zaidi unaingia Soroti, ambako Kiteso kinaongewa sokoni kama kwetu tu. Sisi na wao tulitenganishwa na kalamu ya Waingereza mwaka 1902, walipolihamisha Jimbo la Mashariki la Uganda likawa upande huu.

Sasa skizeni. Kati ya Januari 2009 na Januari 2011, kwenye wodi za watoto za Mbale na Soroti, pamoja na hospitali nyingine nne za Afrika Mashariki, kulitokea jambo lililofanya madaktari wa dharura dunia nzima warudi kwenye ukurasa waliodhani wameshaumaliza. Ukurasa wenyewe ulikuwa kuhusu dripu. Ndiyo, hii hii dripu unayoijua.

Dripu kama cheo

Huku kwetu dripu ni zaidi ya dawa. Mtu akilazwa, swali la kwanza la wanaokuja kumwona ni, "Amewekewa maji?" Ukisema ndiyo, watu wanapumua. Ukisema bado, mtu mmoja anakunja uso na kuanza kuuliza hiyo hospitali ni ya aina gani. Vidonge ni vya mtu anayejikwaa. Sindano ni afadhali. Lakini chupa ikining'inia pale juu, matone yakishuka moja moja, hapo kila mtu anaona kazi inafanyika.

Msicheke wazee wetu kwa hilo, juu madaktari wenyewe waliamini karibu vivyo hivyo, tena wakiwa na vitabu mkononi. Kwa miaka mingi, mtoto akiletwa na homa kali, akili imeanza kupotea, miguu baridi, mapigo ya mkono hayasikiki vizuri, mwongozo wa kimataifa ulisema: mpe maji ya mshipani, mengi, haraka. Hali hiyo ya damu kushindwa kufika vizuri kwenye viungo madaktari wanaiita shoku. Na mantiki ya kuitibu kwa maji inaeleweka hata na fundi wa bomba: presha ikishuka, ongeza maji kwenye mfumo.

Swali ambalo karibu hakuna aliyeuliza kwa dhati ni hili: nani alihakikisha?

Imani ilianzia wapi

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1832 kipindupindu kilikuwa kinamaliza watu Uingereza. Daktari mmoja wa Leith kule Scotland, Thomas Latta, aliona wagonjwa wamekauka mpaka damu imekuwa nzito, akaamua kuwamiminia maji ya chumvi moja kwa moja kwenye mshipa. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa bibi mzee ambaye tayari alikuwa anaaga. Maji yalipoingia, macho yakarudi uhai, mikono ikapata joto. Latta akaondoka akamwachia daktari wa hospitali. Saa chache baadaye ugonjwa ukarudi na yule bibi akafariki. Wagonjwa wengine walipona, na wazo likabaki.

Kwa kipindupindu wazo hilo lilikuwa sahihi kabisa. Mtu anayeharisha amepoteza maji, kwa hivyo unamrudishia maji. Mwaka 1971, vita vya Bangladesh vilipojaza wakimbizi India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa chupa za dripu kwenye kambi ya Bongaon. Akachanganya maji, sukari na chumvi, akawapa watu wanywe kwa mdomo. Vifo vikashuka kutoka karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Ile pakiti ya chumvi na sukari unayopewa kwenye zahanati ilipata jina lake pale.

Lakini mtoto mwenye malaria kali ama maambukizi ya damu hajaharisha. Maji yake hayajamwagika nje. Moyo wake, mishipa yake na damu yake ndivyo vimevurugwa. Je, naye anahitaji kumiminiwa? Mwaka 1991 uchunguzi mmoja wa Marekani uliangalia watoto wenye shoku ya maambukizi, ukaona waliopata maji mengi ndani ya saa ya kwanza walipona zaidi. Idadi ya watoto kwenye uchunguzi huo? 34. Halafu mwaka 2001 Emanuel Rivers na wenzake wa Detroit walichapisha majaribio kwa watu wazima 263: matibabu ya mapema na ya nguvu, maji mengi yakiwa sehemu yake, yalipunguza vifo kutoka asilimia 46.5 hadi 30.5. Dunia ikashika hapo hapo. Maji haraka, maji mengi, ikawa sheria.

Ona kitu hapo. Hizo ni hospitali zenye mashine za kupumulia, vyumba vya wagonjwa mahututi, muuguzi karibu na kila kitanda. Sheria ikasafiri kwa ndege hadi wodi ambayo vitanda vimejaa, mashine hakuna, na muuguzi mmoja anahudumia watoto wengi. Haikusimama njiani kuulizwa pasipoti. Lori la sukari likifika Malaba linakaguliwa kuliko hiyo sheria ilivyokaguliwa.

Hospitali sita, watoto 3,141

Walioamua kuikagua walikuwa timu iliyoongozwa na Kathryn Maitland, daktari wa watoto aliyefanya kazi miaka mingi Kilifi, pamoja na Sarah Kiguli wa Makerere. Pale Mbale alikuwa Peter Olupot-Olupot, pale Soroti Charles Engoru. Hayo ni majina ambayo ukiyataja Amagoro hakuna mtu atakuuliza yanaandikwaje. Pesa nyingi zilitoka Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Hospitali zilikuwa sita: Kilifi kwa Kenya, Teule ya Muheza kwa Tanzania, na nne za Uganda, yaani Mulago, Mbale, Soroti na Lacor ya Gulu. Utafiti ukaitwa FEAST.

Mpango wenyewe ulikuwa rahisi kueleza. Mtoto wa kuanzia siku 60 hadi miaka 12 analetwa na homa kali, ama fahamu zimepungua ama anapumua kwa shida, na ana dalili kwamba damu haifiki vizuri. Kwa bahati nasibu anaangukia kundi moja kati ya matatu. Kundi la kwanza linapata maji ya chumvi haraka. La pili linapata albumini haraka, ambayo ni protini inayotoka kwenye damu. La tatu halipewi maji ya haraka. Linawekewa dripu ya kawaida ya polepole tu. Waliokuwa wanaharisha sana, wenye utapiamlo mkali, walioungua na walioumia kwenye ajali hawakuingizwa, juu shida zao ni za aina nyingine.

Maji ya haraka yalikuwa mililita 20 hadi 40 kwa kila kilo ya mtoto. Kwa mtoto wa kilo 10, hiyo ni kuanzia mililita 200, chini kidogo ya chupa ya soda, hadi 400, zaidi ya chupa nzima. Vyote vinaingia kwenye mshipa wa mtoto wa mwaka mmoja kwa muda mfupi. Na kila mtoto, awe kundi gani, alipata yale mengine: dawa ya malaria, antibiotiki, oksijeni, sukari ikishuka, damu akihitaji. Wafanyakazi wa wodi walifunzwa upya jinsi ya kumtambua mtoto aliye hatarini, na vifaa vya msingi vikaongezwa.

Matarajio yalikuwa maji yataokoa maisha. Walitaka tu kujua maji yapi ni bora na yanaokoa kiasi gani.

Walipanga kuandikisha watoto 3,600. Hawakufika. Januari 2011 kamati huru iliyokuwa inaangalia takwimu pembeni ilisema simamisheni. Wakati huo watoto walikuwa 3,141.

Haya ndiyo matokeo, yaliyochapishwa Mei 2011 kwenye jarida la New England Journal of Medicine. Ndani ya saa 48, waliopewa albumini haraka walifariki asilimia 10.6. Waliopewa maji ya chumvi haraka, asilimia 10.5. Ambao hawakupewa maji ya haraka, asilimia 7.3.

Soma tena polepole. Matibabu yaliyoandikwa kwenye vitabu ndiyo yaliyokuwa yanaongeza vifo, zaidi ya watoto 3 kwa kila 100. Watu wakajaribu kugawanya takwimu kwa kila njia, wenye malaria na wasio na malaria, wenye damu ndogo na wenye damu ya kutosha, wadogo na wakubwa, walio na shoku kali na isiyo kali. Hakuna kundi hata moja ambalo maji ya haraka yalilisaidia.

Macho yanadanganya

Kuna sehemu moja ya hii hadithi inanifanya nikae kimya kila nikiifikiria. Baada ya saa moja, watoto wengi zaidi waliopewa maji ya haraka walikuwa wanaonekana afadhali. Miguu imepata joto, mapigo yamerudi. Mzazi akiangalia anamshukuru Mungu. Daktari akiangalia anaandika kwenye faili kwamba mtoto ameitikia matibabu. Halafu baadaye, usiku, watoto wa kundi hilo hilo ndio waliokuwa wanafariki zaidi.

Kwa hivyo daktari aliyekuwa anatumia macho na uzoefu wake, hata awe mzuri namna gani, asingeweza kuona madhara. Yeye aliona mtoto amepata nafuu saa nne usiku. Akifariki saa kumi alfajiri, angesema ugonjwa ulikuwa mkali, tulijitahidi. Na angekuwa mkweli kabisa. Ni kwa kuhesabu maelfu, makundi mawili kando kwa kando, ndipo unaona kwamba ile nafuu ilikuwa na bei.

Kwa nini yalidhuru? Wengi walidhani mapafu yalijaa maji. Watafiti walipochunguza vifo kimoja kimoja, taarifa ya mwaka 2013, waligundua vingi vya ziada vilikuwa vya moyo na mzunguko wa damu kuzimika. Uchambuzi mwingine wa 2019 ulionyesha maji hayo yaliipunguza nguvu damu ambayo tayari malaria imeipunguza, na yaliongeza asidi mwilini kwa sababu ya ile kloridi iliyo kwenye chumvi. Yaani mwili wa mtoto ulikuwa umejibana wenyewe ili kuishi, na sisi tukaja kuufungulia.

"Kwa hivyo tulifanyiwa majaribio?"

Najua kuna mtu tayari ameshika simu kuuliza hivyo, na ni swali la haki. Historia ya bara hili imejaa wageni waliotumia miili yetu bila kutuuliza. Usiniambie nisahau.

Lakini angalia hesabu. Kabla ya 2009, kila mtoto aliyemiminiwa maji ya haraka alikuwa kwenye majaribio pia. Tofauti ni kwamba hakuna aliyekuwa anaandika matokeo. Sheria ya maji haraka ilikuwa imetua juu ya watoto wetu bila kupimwa kwao, na ingeendelea kuongeza vifo kimya kimya, kwa nia njema, miaka mingine 20. FEAST ilikuwa mara ya kwanza mtu kuuliza kwa idadi ya kutosha kama kinachofaa hospitali ya Marekani kinafaa Soroti. Na jibu lilipokuja baya, wakasimamisha.

Kuhusu idhini, jambo lilikuwa gumu kweli. Mama amefika na mtoto anayedegedega, huwezi kumkalisha kumsomea kurasa kumi. Wakatumia idhini ya hatua mbili: kwanza maelezo mafupi na kibali cha mdomo, halafu hali ikitulia maelezo kamili na sahihi. Kuna waliofariki kabla ya hatua ya pili. Mtu mwenye roho hawezi kusema hapo hapana swali la kuuliza, na wataalamu wa maadili wamelijadili sana. Mimi msimamo wangu ni kwamba kutouliza lile swali la maji kungekuwa kosa kubwa zaidi. Wewe unaweza kupima tofauti, lakini pima ukiwa na hizo namba mbili mbele yako, 10.5 na 7.3.

Dunia ilichelewa kusikia

Ungedhani baada ya Mei 2011 miongozo ingebadilika wiki inayofuata. Wapi! Wakosoaji wakasema hao watoto walikuwa na malaria, haihusu wengine. Wakasema hospitali hazikuwa na mashine. Wakasema maana ya shoku iliyotumika ilikuwa pana mno. Baadhi ya hoja zilikuwa za kitaalamu kweli. Nyingine zilikuwa na harufu fulani: kwamba ushahidi wa watoto 34 wa Marekani unatosha kutawala dunia, ila wa watoto 3,141 wa Afrika Mashariki unahitaji maelezo zaidi.

Shirika la Afya Duniani lilipotoa kitabu chake cha mfukoni cha watoto mwaka 2013, maji ya haraka bado yalikuwamo. Ilifika 2016 ndipo mwongozo wake mpya wa dharura za watoto ukasema mtoto mwenye homa na dalili chache tu za damu kutofika vizuri asimiminiwe maji ya haraka. Mwenye dalili zote za shoku, yaani mikono na miguu baridi, damu inayochelewa kurudi ukibonyeza ukucha, na mapigo hafifu yanayokimbia, apewe kiasi kidogo, kwa dakika 30 hadi 60, huku akiangaliwa. Miaka mitano kutoka ushahidi hadi karatasi.

Wakati huo huo nyufa zilikuwa zinaonekana hata kwa watu wazima. Majaribio makubwa matatu ya Marekani, Australia na New Zealand, na Uingereza, ya 2014 na 2015, hayakuona faida ile ya Detroit ukilinganisha na huduma ya kawaida. Na mwaka 2017 utafiti wa hospitali kuu ya chuo kikuu Lusaka, Zambia, uliangalia watu wazima wenye maambukizi ya damu na presha iliyoshuka. Waliofuata mpango wa maji mengi walifariki asilimia 48.1. Waliopata huduma ya kawaida, asilimia 33. Kile Mbale na Soroti walichosema kuhusu watoto, Lusaka ikakisema kuhusu watu wazima.

Na Mbale na Soroti hazikuishia hapo. Kati ya 2014 na 2017 zilishiriki utafiti mwingine, TRACT, pamoja na Mulago na Blantyre ya Malawi, kuhusu damu. Nani aongezewe damu mara moja, na kiasi gani? Mahali ambapo benki ya damu inaishiwa kila mara, kujua mtoto yupi anaweza kusubiri kwa usalama akiwa anaangaliwa ni sawa na kuokoa chupa ya mtoto mwingine. Matokeo yalitoka 2019. Mtoto mwenye damu ndogo sana lakini bila dalili za hatari, kumwongezea mara moja ama kusubiri ukimwangalia hakukubadilisha vifo. Na kiasi sahihi kilitegemea kama ana homa ama hana. Ni maelezo madogo kama hayo ndiyo yanaitwa tiba ya dharura.

Sasa sisi tufanye nini na hii historia

Kwanza, naomba mtu asitoke hapa akisema "jamaa wa Angurai amesema dripu inaua." Sijasema hivyo. Mtoto anayeharisha na kukauka anahitaji maji, kwa mdomo akiweza, kwa mshipa akizidiwa. Aliyepoteza damu kwenye ajali ya boda ana mahitaji yake. Dripu ya polepole bado inatumika kila siku. Dawa zinapitia humo humo. Ukiona chupa juu ya kitanda cha ndugu yako usiichomoe; uliza ni ya nini. Hiyo ni haki yako na muuguzi mzuri atakujibu.

Ninachosema ni kwamba tuache kudai dripu kama vile tunadai risiti. Mhudumu akikwambia mtoto huyu hahitaji maji ya haraka, huenda ameusoma ule mwongozo ulioandikwa kwa sababu ya watoto wa jirani zako. Anayekubali kumtundikia kila mwenye homa chupa ili mteja aridhike ndiye wa kuogopa.

Pili, tuelewe kilichookoa hao watoto wa kundi la tatu. Walitambuliwa mapema, wakapimwa sukari, wakapata oksijeni, dawa ya malaria kwa wakati, damu waliohitaji. Vitu vya kawaida, vilivyofanywa kwa mpangilio. Blantyre walishaonyesha hilo kabla. Walipopanga upya mapokezi ya watoto ili aliye hatarini apite mbele ya foleni badala ya kungoja zamu yake, vifo vya wodini vilishuka kutoka kati ya asilimia 10 na 18 hadi kati ya 6 na 8. Hawakujenga jumba la ghorofa. Walibadilisha nani anaonwa kwanza. Mtindo huo ndio umekuwa mafunzo yanayotumika Kenya, Uganda na kwingine.

Kwa hivyo hospitalini, mtoto wa mtu mwingine akipitishwa mbele yako, usianze vita. Na kama wako ndiye mwenye hali mbaya, usikae kwenye benchi kwa heshima. Sema kwa sauti. Dalili za kusema kwa sauti ni hizi: hawezi kunywa ama kunyonya, anatapika kila kitu, amedegedega, amelegea ama hashituki ukimwita, anapumua kwa shida. Usipitie kwanza kwa duka la dawa, usingoje asubuhi. Boda iko, panda.

Tatu, sheria iko upande wako. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikaongeza meno: kituo chenye uwezo kikikataa kumtibu mtu wa dharura, faini inaweza kufika shilingi milioni 3. Hiyo ni pamoja na kumtuliza mgonjwa na kumpangia kuhamishwa kama hawana uwezo wa kuendelea. "Leta pesa kwanza" kwa mtoto anayedegedega ni kosa la jinai. Watu wengi wa rika letu hawajui hili, na kutojua kunagharimu.

Nne, na hii ndiyo iliyonifanya niandike. Mtoto aliyekuwa na mwaka mmoja kwenye wodi ya Mbale mwaka 2010 sasa ana kama miaka 16 hivi. Yuko rika lenu. Pengine anaendesha boda Tororo, pengine yuko kidato, pengine anavuka Malaba kila wiki kuuza nyanya. Hajui kwamba daktari wa dharura mahali fulani, akiwa na mtoto mwenye homa mbele yake na mkono umeshashika chupa, anasita kidogo kwa sababu yake. Na kuna wengine ambao hawakufika miaka 16. Mama zao walipanda lori ama boda kurudi nyumbani na shuka mkononi. Hao nao wamo kwenye ile namba 3,141, na hakuna kitabu kilichotaja jina la hata mmoja.

Tukisema historia ya dawa ni ya wengine, tunawafuta mara ya pili. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema Afrika haijachangia kitu kwenye tiba, mwambie aanzie Mbale. Mpe mwaka, 2011. Mpe namba. Halafu mwambie shukrani tunaisemaje huku kwetu: eyalama noi.